Mlango wa Kuingilia Discworld: Mjadala wa Mpangilio wa Kusoma

Discworld ni mfululizo wa riwaya 41 za fantasia zilizoandikwa na Mwingereza Terry Pratchett. Ya kwanza, The Colour of Magic, ilichapishwa mwaka 1983. Ya mwisho, The Shepherd's Crown, ilitoka Agosti 2015, miezi mitano baada ya mwandishi kufariki. Zote zinatendeka katika ulimwengu mmoja: dunia bapa kama sinia, iliyobebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya gamba la kasa mkubwa anayeogelea angani. Hata hivyo hizi si sura 41 za hadithi moja. Ni hadithi nyingi zinazoishi jirani, zinaazimana wahusika na mitaa, na karibu kila riwaya ina mwanzo wake na mwisho wake.

Hapo ndipo tatizo la mpangilio linapozaliwa. The Wheel of Time ya Robert Jordan ina juzuu 14 za hadithi moja, na anayeuliza aanzie wapi huelekezwa juzuu ya kwanza bila mabishano. Ubishi unaobaki ni mdogo, kuhusu mahali pa kuiweka New Spring, riwaya ya matukio ya awali iliyotoka 2004 wakati juzuu kumi zimekwisha kusomwa. Kwa Discworld swali ni kubwa zaidi, maana namba ya kitabu haisemi kama msomaji yuko tayari kwa kitabu hicho. Wasomaji wa Pratchett wamelijadili kwa miaka mingi, na wengine wamechora ramani zenye mistari ya rangi, mithili ya ramani za reli, kuonyesha kipi kinaelekea kipi.

Sauti tatu husikika zaidi katika mjadala huo. Hapa zinaitwa kwa kazi zake. Mfuata-Miaka husoma kwa mpangilio wa kuchapishwa, tangu 1983 hadi 2015. Mfuata-Mkondo hushika kundi moja la wahusika na kulifuata mpaka mwisho kabla ya kuhamia lingine. Mchagua-Mlango hajali sana kitakachofuata. Kwake kitabu cha kwanza ndicho kila kitu. Wa nne ni Mgeni, ambaye hajasoma hata kimoja. Ana nakala moja ya Night Watch aliyoinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba, na anataka kujua kama aifungue leo.

Kwa miaka

Mfuata-Miaka anaanza, kwa kuwa hoja yake ndiyo rahisi kuieleza.

"Kitabu cha pili, The Light Fantastic, kinaanza pale pale cha kwanza kilipokomea," anasema. "Rincewind, mchawi asiyejua uchawi, anaanguka kutoka ukingo wa dunia. Ukikiruka cha kwanza, unamkuta mtu yuko hewani na hujui kilichomfikisha huko. Twoflower, mtalii wa kwanza kufika jiji la Ankh-Morpork, yumo katika vitabu hivyo viwili, kisha anapotea mpaka Interesting Times ya 1994. Halafu kuna Eskarina, msichana wa Equal Rites ya 1987 anayetaka kusomea uchawi ambao chuo kinasema ni wa wanaume peke yao. Anarudi katika I Shall Wear Midnight ya 2010. Miaka 23! Aliyesoma kwa mpangilio anamtambua kama mtu anavyomtambua jirani aliyehama zamani. Asiyesoma kwa mpangilio anaona mwanamke amepita tu."

Hoja hiyo inapata uzito zaidi mwandishi mwenyewe akitazamwa. Mwaka 1983 Pratchett alikuwa ofisa habari katika shirika la umeme la Uingereza, kazi aliyoiacha 1987 ili aandike tu. The Colour of Magic ni visa vinne vilivyounganishwa, na shabaha yake ni riwaya za fantasia zilizopendwa wakati huo: mtindo wa Fritz Leiber, wa H. P. Lovecraft, wa Anne McCaffrey. Kichekesho kipo katika kuigiza. Miaka tisa baadaye, katika Small Gods ya 1992, mwandishi huyo huyo anachunguza jinsi dini inavyoweza kubaki na mahekalu, mapadri na vyumba vya mateso wakati waumini wa kweli wamebaki mmoja. Miaka kumi tena, katika Night Watch, anaandika juu ya mapinduzi ya mtaani na askari anayekataa kuwageuzia wananchi silaha. Anayesoma kwa miaka anaona mkono ukikomaa kitabu baada ya kitabu, na hiyo ni starehe ambayo mpangilio mwingine wowote unaipoteza.

Mchagua-Mlango hakatai hayo. Anayakubali, kisha anayageuza.

"Ndiyo sababu watu huishia kitabu cha pili, mwenzangu," anajibu. "Unamwambia mtu kwamba hii ni kazi bora ya miaka 32, halafu unampa sehemu ambayo mwandishi alikuwa bado anajitafuta. Mtazame Mauti."

Mauti ni mhusika, kiunzi cha mifupa chenye joho jeusi na kauli zinazochapwa kwa herufi kubwa ndogo. Anaonekana karibu katika vitabu vyote. Katika kitabu cha kwanza ana kinyongo, anamwandama Rincewind na kukasirika kila anapomkosa. Kuanzia Mort ya 1987 anakuwa mwingine kabisa: ana udadisi juu ya binadamu, anapenda paka, anachukua mwanafunzi wa kazi, na hana chuki na yeyote. Wasomaji waliompenda Mauti wanampenda huyu wa pili. Mtawala wa Ankh-Morpork naye katika The Colour of Magic ni mtu mnene. Baadaye, kwa jina la Lord Vetinari, ni mwembamba mwenye mavazi meusi na akili inayotangulia ya kila mtu chumbani. Wakuu wa chuo cha uchawi hufa ovyo na kubadilishwa katika vitabu vya mwanzo, mpaka Mustrum Ridcully aliposhika cheo katika Moving Pictures ya 1990 na hakuna aliyeweza kumng'oa. Mchawi wa kike Granny Weatherwax wa Equal Rites bado hana mwenzake Nanny Ogg wa kubishana naye, na bila mabishano hayo nusu ya tabia yake haijaonekana.

"Kwa hiyo vitabu vya kwanza ni vibaya?" anauliza Mgeni.

"Vinachekesha," anasema Mchagua-Mlango. "Lakini ili ucheke inabidi uwe umesoma vitabu vinavyochezewa humo. Hujamsoma Leiber, kicheko kinakupita pembeni. Kuanzia Mort unahitaji tu kuwa umewahi kuishi na watu."

Mfuata-Miaka anabaki na jibu moja, nalo si dogo. Waliovipokea vitabu hivi vilipokuwa vikitoka, mara nyingi viwili kwa mwaka, walianza na The Colour of Magic na hawakukimbia. Wangekimbia, kusingekuwa na cha tatu. Lakini wasomaji wale wa mwanzo walikuwa wapenzi wa fantasia waliovijua vitabu vilivyokuwa vikidhihakiwa. Ushahidi wao unawahusu wao zaidi kuliko unavyomhusu Mgeni.

Kwa wakati wa hadithi

Ipo njia ya nne ambayo haikualikwa katika mjadala huu: kuvipanga vitabu kwa wakati wa matukio, kilichotokea mapema kikatangulia. Njia hii ina historia kwa mfululizo mwingine wa Kiingereza, The Chronicles of Narnia wa C. S. Lewis. The Lion, the Witch and the Wardrobe kilitoka kwanza, 1950. The Magician's Nephew, kinachosimulia kuumbwa kwa Narnia, kilitoka 1955 kikiwa cha sita. Mwaka 1957 mtoto mmoja wa Kimarekani alimwandikia Lewis akipendekeza visomwe kwa wakati wa matukio, na Lewis akajibu kwamba anaelekea kukubaliana naye, ingawa huenda mpangilio usiwe na maana sana. Kwa kutegemea barua hiyo, matoleo ya HarperCollins ya 1994 yaliweka The Magician's Nephew namba moja. Wasomaji wengi hawajafurahi mpaka leo, na wana haki: kabati lenye msitu wa theluji ndani yake halishtui tena kwa msomaji aliyekwisha kuelezwa mbao zake zilitoka wapi.

Kwa Discworld njia hiyo haipitiki. Night Watch inamrudisha mhusika mkuu miaka 30 nyuma. Katika Wyrd Sisters wachawi wanairusha nchi nzima miaka 15 mbele. Na Thief of Time ya 2001 inaeleza kwamba historia ya dunia hiyo iliwahi kuvunjika vipande, ikaunganishwa upya na watawa kwa kushona huku na kule, ndiyo maana zama hazilingani. Mwandishi aliyechukua taabu ya kuandika riwaya nzima kuhusu kalenda iliyopasuka hakukusudia kalenda hiyo iwe ngazi ya kupandia.

Kwa mikondo

Mfuata-Mkondo ndiye mwenye wafuasi wengi siku hizi, na ramani zile za rangi zilichorwa kwa fikra yake. Anaigawa Discworld kwa makundi. Kuna mkondo wa Rincewind na chuo chake. Kuna wachawi wa kike wa nchi ya milimani iitwayo Lancre. Kuna Mauti na mjukuu wake Susan, tangu Mort hadi Thief of Time. Kuna Tiffany Aching, aliyeandikiwa wasomaji vijana katika vitabu vitano, ambaye ana umri wa miaka tisa anapopambana kwa mara ya kwanza, silaha yake kikaango. Kuna Moist von Lipwig, tapeli aliyehukumiwa kunyongwa kisha akakabidhiwa posta ya jiji. Na kuna askari wa doria wa Ankh-Morpork, mkondo wa riwaya nane, ambao Mfuata-Mkondo anautumia kuthibitisha hoja yake yote.

Mgeni anamkatiza mapema. "Hadithi za Abunuwasi tulisimuliwa bila mpangilio wowote. Leo anamdanganya mfalme, kesho anamdanganya jirani, keshokutwa yuko sokoni na punda. Hakuna aliyeuliza ipi ilitangulia. Kwa nini hizi zisiwe hivyo?"

"Kwa sababu Abunuwasi hazeeki, ndugu yangu," anajibu Mfuata-Mkondo. "Vimes anazeeka."

Sam Vimes anaingia katika Guards! Guards! ya 1989 akiwa amelala mtaroni, mlevi, nahodha wa kikosi cha usiku ambacho hakuna anayekiogopa wala kukihitaji. Anapowasili Carrot, kijana mrefu aliyelelewa na vibete migodini na anayeamini kwamba sheria imeandikwa ili ifuatwe, kikosi kinatimia watu wanne. Katika Men at Arms ya 1993 Vimes anakaribia kufunga ndoa na Sybil Ramkin, mwanamke wa ukoo tajiri kuliko wote jijini, na kikosi kinalazimika kuandikisha watu kutoka jamii zilizodharauliwa: kibete, jitu la mawe, na mwanamke anayegeuka mbwamwitu. Feet of Clay inaleta watu wa udongo wanaotumikishwa bila mshahara na kuuliza kama kilichofinyangwa kwa mikono kinaweza kujimiliki. Jingo ya 1997 ni vita juu ya kisiwa kilichoibuka baharini, na askari anayejaribu kuyakamata majeshi mawili kwa kosa la kuvuruga amani. Katika The Fifth Elephant anatumwa kuwa balozi. Katika Thud! ya 2005 yeye ni mkubwa wa kikosi chenye mamia, ana cheo cha ukabaila anachokichukia, na kila siku saa kumi na mbili jioni lazima awe nyumbani kumsomea mwanawe kitabu cha picha, hata jiji likiwa linawaka.

Msomaji aliyeanza na Thud! ataona baba anayekimbia mitaani ili asichelewe kusoma kitabu cha watoto. Atacheka, na hatakosea. Aliyeanza na mtaro wa 1989 anajua kwa nini mtu huyu hawezi kujiruhusu kuchelewa hata mara moja: mlevi aliyeacha anajua kwamba udhuru wa kwanza mzuri hufungua njia ya udhuru wa pili usio mzuri. Kitabu kinalisema hilo, lakini msomaji wa mkondo analihisi kabla halijasemwa. Katika hili Mfuata-Mkondo hana mpinzani. Ukuaji wa mtu unahitaji kusomwa kwa zamu yake.

Udhaifu wa njia yake unaonekana mahali pengine, na ni Mfuata-Miaka anayeuonyesha.

"Unamfuata Vimes, unauacha mji," anasema. "Na mji ndio unaobadilika kuliko wote."

Anachokisema kinastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndiyo hoja yenye thamani kubwa zaidi katika mjadala mzima. Katika vitabu vya mwanzo, kila kitu kipya kinachoingia Ankh-Morpork kinaleta fujo na kuondoka. Twoflower anaingiza bima ya moto. Matokeo yake ni jiji kuungua. Sinema zinafika katika Moving Pictures, zinafungua mlango wa viumbe wa kutisha, na mwisho wa kitabu hazipo. Muziki wa gitaa unafika katika Soul Music ya 1994, unawapagawisha watu, nao unafutika. Dunia inajirudisha ilivyokuwa, kama ngoma inayorudi kwenye mdundo wake.

Kisha kuna badiliko. The Fifth Elephant ya 1999 inaonyesha minara ya ishara inayopeleka ujumbe wa mbali kwa haraka, na minara haiondoki. The Truth ya 2000 inaleta mashine ya uchapaji na gazeti la kwanza. Kitabu kinaisha na gazeti lingali linatoka. Katika Monstrous Regiment ya 2003, habari za vita vya nchi ya mbali zinategemea waandishi wa gazeti hilo. Katika Going Postal ya 2004 minara imeangukia mikononi mwa kampuni inayowaua wafanyakazi wake kwa ubahili, na posta inafufuliwa ili kushindana nayo. Making Money inaleta noti za karatasi. Raising Steam ya 2013 inaleta reli. Jiji lililoanza kama dhihaka ya majiji ya hadithi za mashujaa linaishia kuwa jiji la viwanda, lenye vyombo vya habari, benki, na wahamiaji wanaodai haki. Mabadiliko hayo hayamo katika mkondo wowote mmoja. Yamesambazwa katika yote, kwa mpangilio wa miaka.

Tena mikondo yenyewe inaingiliana. Ugomvi wa vibete wa msimamo mkali dhidi ya mfalme wao unaanza katika The Fifth Elephant, unapamba moto katika Thud!, vitabu vya askari vyote viwili, halafu unafikia kilele katika Raising Steam, ambacho ramani zimekiweka katika mkondo wa Moist. Aliyemaliza askari wote na kufunga faili ameacha kesi katikati. Aliyeanza na Moist kwa kuwa anapenda hadithi za matapeli atafika kitabu cha tatu na kukuta uhasama ambao hakuuona ukizaliwa.

Mfuata-Mkondo anasikiliza, na kwa sifa yake anakubali sehemu. "Basi mikondo miwili kwa pamoja," anasema. "Askari na wachawi, ikipokezana kwa miaka. Ukikaribia mwaka 2000, acha mikondo kabisa, soma kila kinachofuata."

Hili ndilo pendekezo bora lililotoka katika ubishi huu. Linahifadhi ukuaji wa watu katika nusu ya kwanza, ambako watu ndio wanaotawala, na linahifadhi ukuaji wa mji katika nusu ya pili, ambako mji ndio unaotawala. Ramani za rangi hazilionyeshi, kwa kuwa mstari wa rangi moja hauwezi kuonyesha mahali ambapo rangi zote zinachanganyika.

Mlango wenyewe

Limebaki swali la kitabu cha kwanza kabisa, na hapa Mchagua-Mlango yuko nyumbani kwake. Anataja vitano au sita na kuvipima kimoja kimoja.

Small Gods hutajwa mara nyingi kwa sababu kinasimama peke yake na ni miongoni mwa vilivyoandikwa vizuri kuliko vyote. Kasoro yake kama mlango ni hiyo hiyo sifa yake: kiko katika nchi nyingine na zama nyingine, na aliyekimaliza akitaka kuendelea na watu wale hana pa kwenda. Going Postal kina kasi, kina sura zenye vichwa wakati vitabu vingi vya Pratchett havina sura kabisa, na kinamfaa msomaji anayechoshwa na simulizi zisizo na vituo. Lakini kinampeleka katika jiji lililokwisha kubadilika. The Wee Free Men kinafaa kwa kijana, na kwa mtu mzima asiyependa jiji. Mort ni kifupi, kina Mauti yule anayependwa, na mvulana asiyefaa kazi yoyote anayepewa kazi ya kuvuna roho. Wengi wameingilia hapo na hawakujuta.

Wyrd Sisters kina hali ya pekee kwa msomaji wa Kiswahili. Kimejengwa juu ya Macbeth: mfalme aliyeuawa, mke mwenye uchu wa madaraka, wachawi watatu nyikani. Aliyewahi kusoma Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968, anakifungua Wyrd Sisters akiwa na ufunguo mkononi. Atajua kwamba safari hii wachawi ndio wenye busara, na kwamba swali la kitabu ni nani anayeandika tamthilia na kwa faida ya nani. Kwa msomaji huyo, mlango wa wachawi ni mzuri kama wowote.

Mchagua-Mlango mwenyewe, akibanwa, anataja Guards! Guards!, na sababu yake ni ya ufundi. Carrot ni mgeni jijini. Kila anachokiona anakiona kwa mara ya kwanza: wezi wenye chama na risiti, watu wanaokwepa macho ya askari, sheria iliyosahaulika kabatini. Msomaji anajifunza mji kwa mwendo wa Carrot, bila mtu yeyote kusimama na kumhutubia. Joka linapotua juu ya paa, msomaji amekwisha kujua paa lile ni la mtaa gani. Vitabu vichache vya mfululizo huu vinafanya kazi hiyo ya ukaribishaji kwa ukamilifu kiasi hicho, na hoja hiyo inatosha kukiweka mbele ya Mort kwa msomaji mtu mzima asiye na upendeleo wa awali. The Colour of Magic kitasomwa baadaye, pengine cha kumi, na kitafurahisha zaidi kwa kuwa msomaji atakuwa anatazama picha ya utotoni ya mtu anayemfahamu.

Yasiyojadiliwa

Yako mambo machache ambayo sauti zote tatu zinakubaliana. Lords and Ladies kina dibaji ambamo Pratchett mwenyewe anaonya kwamba hiki, tofauti na vingine, hakisimami peke yake, na anafupisha yaliyotangulia. Wyrd Sisters na Witches Abroad visomwe kabla yake. Men at Arms hakitangulii Guards! Guards!. Raising Steam kisiwe miongoni mwa vya mwanzo kwa mtu yeyote.

La kusisitizwa kuliko yote ni The Shepherd's Crown. Kisomwe mwisho, baada ya mkondo wa wachawi na mkondo wa Tiffany kukamilika. Kina msiba karibu na mwanzo wake, na msiba huo haumgusi mtu asiyemjua marehemu. Pratchett alikuwa ametangaza Desemba 2007 kwamba ana aina ya ugonjwa wa Alzheimer, na vitabu vyake vya mwisho aliviandika kwa imla. Maelezo yaliyo mwishoni mwa The Shepherd's Crown yanasema wazi kwamba kilikuwa kitabu kamili ambacho mwandishi angeendelea kukifanyia kazi kama angepata muda. Hakuna kingine kitakachokuja. Agosti 2017, kwa kutimiza agizo lake, diski iliyohifadhi kazi zake ambazo hazikukamilika ilipondwa na gari la mvuke la kushindilia barabara.

Mgeni bado ameshika Night Watch yake. Kitabu kinaanza na watu kadhaa wa jiji waliobandika vishada vya maua ya lilaki kwenye mavazi yao, siku moja ya Mei, bila kueleza kwa nini. Wanaofanya hivyo ni watu ambao msomaji wa zamani amewazoea kwa mambo mengine kabisa, na mshangao wake unatokana na kujiuliza ni nini kinachoweza kuwaunganisha hawa na wale. Kisha Vimes anatupwa miaka 30 nyuma na kuwa sajini wa kijana mmoja asiye na uzoefu aitwaye Sam Vimes.

"Kwa hiyo nisiifungue," anasema.

"Vitano kwanza," anajibu Mfuata-Mkondo. "Guards! Guards!, Men at Arms, Feet of Clay, Jingo, The Fifth Elephant."

"Na nisipovipata vyote?"

Safari hii wote watatu wanajibu jambo moja: viwili vya kwanza vinatosha. Ndani yake mna Vimes wa mtaroni, Sybil, Carrot, Vetinari, na askari wawili wazee, Colon na Nobby, ambao Night Watch itawaonyesha wakiwa vijana. Nakala ya mitumba inaweza kungoja rafuni mpaka vipatikane.